Dari Linalotoka Jasho

Kuanzia Desemba mpaka Machi, wanachuo tunaoishi pwani usiku tuna habari moja tu: joto. Na msimu huo huo ndipo kwenye simu zetu hupita zile video za nyumba za Ulaya ambazo hazina feni wala kiyoyozi ukutani, lakini chumba cha kulala kimepoa. Mabomba membamba ya plastiki yamelazwa ndani ya dari, maji ya baridi yanazunguka humo kimyakimya, na aliyelala chini yake hasikii upepo wala mngurumo. Swali linalofuata huwa ni lile lile: kwa nini huku hatuna?

Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba hatuna hela. Lina ukweli, ila halitoshi. Mchukue mtu mwenye hela zake, wa Masaki au Nyali, mpe mfumo wa Uswisi kama ulivyo, aufunge kwenye dari la chumba chake na kuuwasha mwezi wa tatu madirisha yakiwa wazi. Kabla ya alfajiri shuka litakuwa limelowa, na jasho si lake. Ni la dari.

Makala hii ni somo kuhusu jasho hilo: linatoka wapi, kwa nini chumba cha kulala kina shida kubwa kuliko ofisi, na watu wa nchi zenye joto na unyevu kama pwani yetu wamelishughulikia vipi. Ninasomea ualimu, kwa hiyo mtanivumilia nikianzia ubaoni.

Dari linapozaje bila upepo?

Wewe uliyekulia chini ya bati unaujua mnururisho hata kama hukuwahi kuuita hivyo. Saa kumi jioni feni inazunguka, hewa inatembea, lakini kichwa kinapata moto kutoka juu. Bati lenye joto linakurushia joto moja kwa moja, kama jiko la mkaa linavyokuchoma usoni wakati hewa kati yako na jiko haina shida yoyote. Sasa igeuze picha hiyo. Dari likiwa na baridi kuliko ngozi yako, mwili wako ndio unaolirushia dari joto. Ngozi ya mtu iko kwenye nyuzi 33 hivi. Dari likiwa na nyuzi 20, unapoteza joto kuelekea juu hata kama hewa iliyokuzunguka ina nyuzi 27, na unajisikia vizuri kwenye hewa ambayo kipimajoto kinasema ni ya joto.

Maji nayo ni mbebaji mzuri mno. Ujazo ule ule wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya ujazo huo wa hewa, ndiyo maana pampu ndogo isiyosikika inafanya kazi ambayo kwa hewa ingehitaji feni kubwa na mifereji ya bati. Kwa mtu anayetaka kulala, huo ni utajiri: hakuna kelele, hakuna upepo wa kukausha koo.

Shida inaanzia kwenye kazi moja ambayo kiyoyozi cha kawaida huifanya bila sisi kuiagiza. Tazama ukuta wa nje wa jengo lolote lenye viyoyozi. Kuna kibomba kinadondosha maji, chini yake kuna ndoo, au sementi imeota kijani. Maji yale yalikuwa mvuke ndani ya chumba. Kiyoyozi hupitisha hewa kwenye vyuma vyenye baridi kali, mvuke unageuka maji, maji yanatolewa nje. Yaani kinapoza na kinakausha kwa pigo moja. Dari la maji ya baridi halina kibomba cha kutoa maji nje. Likianza kukausha hewa, maji yatakaa darini kwanza, kisha yatashuka kitandani.

Kiwango cha umande

Toa soda kwenye friji, iweke mezani, na baada ya dakika mbili imelowa nje. Kila mtu anajua kwamba soda haijavuja. Lakini ukiuliza kwa nini soda inalowa na glasi ya chai iliyo pembeni hailowi, watu wanaanza kutazamana.

Mwaka 1814 daktari mmoja wa London, William Charles Wells, alichapisha insha kuhusu umande baada ya kukesha nje usiku mwingi akitandaza vifungu vya sufu na kuvipima uzito ili ajue vimepata maji kiasi gani. Alionyesha kwamba umande haunyeshi kutoka juu kama mvua. Kwanza kitu chenyewe kinapoa, kwa kurusha joto lake kuelekea anga lililo wazi, halafu ndipo mvuke wa hewa inayokigusa unageuka maji juu yake. Baridi inatangulia, umande unafuata. Mnaona kwamba Wells alikuwa anaeleza dari letu? Kitu kinachopoa kwa mnururisho na hewa yenye mvuke, basi.

Kila hewa, kutegemea imebeba mvuke kiasi gani, ina nyuzi fulani ambazo kitu kikishuka chini yake kinaanza kulowa. Nyuzi hizo ndizo kiwango cha umande. Iko kanuni kamili yenye logariti, lakini kwa matumizi ya kawaida, unyevu ukiwa juu ya asilimia 50, kuna njia ya mkato ambayo haikosei kwa zaidi ya nyuzi moja hivi: toa asilimia ya unyevu kutoka 100, gawanya kwa 5, kisha jibu lake litoe kwenye joto la hewa.

Tujaribu. Usiku wa pwani, hewa nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Mia toa 75 ni 25. Gawanya kwa 5 ni 5. Thelathini toa 5 ni 25. Kwa hiyo chochote ndani ya chumba hicho chenye baridi chini ya nyuzi 25 kitatoka jasho: soda, ukuta, dari, bomba.

Hapa ndipo wengi huchanganywa na asilimia. Utabiri unasema asubuhi unyevu ni asilimia 90 na mchana ni 60, na mtu anadhani mchana mvuke umepungua. Piga hesabu. Asubuhi nyuzi 25 kwa asilimia 90, kiwango cha umande ni 23. Mchana nyuzi 31 kwa asilimia 60, kiwango cha umande ni 23. Kumbe mvuke ni ule ule, kilichobadilika ni joto. Asilimia hupanda na kushuka kila jua linaposogea. Kiwango cha umande hakibadiliki mpaka mvuke uongezwe au utolewe.

Sasa chukua chumba chenye kiwango cha umande cha 25, kifunge, kipoze hewa mpaka nyuzi 26 bila kutoa tone la mvuke. Kipimajoto kitakufurahisha. Lakini tofauti kati ya 26 na 25 ni moja, mara 5 ni 5, kwa hiyo unyevu umefika asilimia 95. Umejitengenezea pango. Shuka ni chepechepe, na jasho la mwili halikauki kwa sababu hewa haina pa kulipokelea. Kuna watu wangechagua kurudi kwenye nyuzi 30 zao na feni, na mimi nisingewalaumu.

Je, tusipokausha hewa, dari litatusaidia kiasi gani? Lisilowe, tuliache nyuzi 2 juu ya umande, yaani 27. Dari la baridi huondoa takriban wati 11 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati yake na chumba. Chumba cha nyuzi 30, dari la nyuzi 27, eneo la mita za mraba 12: tatu mara 11 mara 12, tunapata wati 396. Si haba. Lakini chumba kikishashuka mpaka nyuzi 28 tofauti inabaki nyuzi moja, na dari zima linaondoa wati 132. Watu wawili waliolala wanatoa joto la kiasi hicho hicho. Dari limeishia kuondoa joto la miili yenu tu, na joto linaloingia kwa ukuta na paa halina wa kuliondoa.

Kausha hewa kwanza, hesabu inageuka. Hewa ya nyuzi 26 kwa unyevu wa asilimia 50 ina kiwango cha umande cha karibu 15 (njia ya mkato inatoa 16). Sasa unaweza kulipeleka dari mpaka nyuzi 19 ukiwa na nafasi ya kupumua. Tofauti ni 7, na dari lile lile, mabomba yale yale, linaondoa wati zaidi ya 900. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mvuke.

Hesabu ya chumba kimoja

Twende kwenye kazi yenyewe ya kukausha. Chumba chetu kiwe na mita 4 kwa 3, urefu wa kwenda juu mita 2.7. Ujazo ni kama mita 32. Hewa ya nyuzi 30 kwa asilimia 75 ina karibu gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Tunayoitaka, ya nyuzi 26 kwa asilimia 50, ina karibu 12. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya hewa ya nje inayoingia inaleta gramu 11 za ziada za kutoa.

Kuondoa mvuke uliokuwemo mwanzoni ni gramu 350 hivi. Hilo ni jepesi, linafanyika mara moja. Lakini watu wanapumua. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na ngozi kati ya gramu 30 na 50 kwa saa. Tuseme 40. Watu wawili, saa nane, ni gramu 640. Zaidi ya nusu lita ya maji imetoka ndani yenu, na chumba cha kulala hakina mlango unaofunguliwa kila dakika kama duka. Halafu hewa safi lazima iingie, la sivyo mtaamka na kichwa kizito. Hata ukiruhusu kidogo tu, nusu ya ujazo wa chumba kwa saa, ni mita 16 mara gramu 11, yaani 176 kwa saa, na kwa usiku mzima ni lita 1.4. Jumlisha yote: karibu lita 2.4 za maji zinatakiwa kutolewa hewani kwa usiku mmoja katika chumba kimoja kidogo.

Lita 2.4 mashine ndogo ya kukausha hewa inaziweza bila taabu. Lakini angalia nini kinatokea kwenye nyumba zetu za kawaida zenye dirisha la wavu na nondo bila kioo. Upepo mzuri wa usiku unabadilisha hewa ya chumba mara kumi kwa saa, pengine zaidi. Mita 320 mara gramu 11 ni kilo tatu na nusu za maji kwa saa. Usiku mzima ni lita 28. Hilo ni dumu la lita 20 limejaa, na jingine karibu nusu. Hakuna mwenye akili timamu atakayelipia umeme wa kukausha bahari ya Hindi.

Ndiyo maana nasema hela si jibu lote. Nyumba ya pwani imejengwa ipitishe upepo, na dari la baridi linataka nyumba inayoziba. Hizo ni falsafa mbili za kujenga, na anayetaka kuchanganya ajue anachanganya nini. Ukifunga dari la baridi unalazimika kufunga madirisha ya vioo yanayobana, kuziba tundu la waya, kuziba nafasi chini ya mlango, na kuingiza hewa safi kwa njia moja tu, iliyokwisha kukaushwa.

Kinachofanyika kwenye mfumo mzuri

Mafundi wanaojua kazi hii hugawa majukumu. Mashine moja ndogo inashughulikia mvuke na hewa safi, dari linashughulikia joto. Na utaratibu wa kuwasha ni muhimu kama mashine zenyewe: hewa inakaushwa kwanza, labda saa nzima kabla ya kulala, na maji ya baridi hayaruhusiwi kupita darini mpaka kiwango cha umande kishuke. Kihisi cha joto na unyevu kinakaa ndani ya chumba kile kile, karibu na walipolala watu. Kikiwekwa koridoni kitasema uongo usiku kucha, kwa sababu koridoni hakuna anayepumua.

Maji yenyewe hayatakiwi kuwa na baridi ya namna moja siku zote. Vali huchanganya maji yanayorudi, yenye uvuguvugu, na yale yanayotoka kwenye mashine, ili dari libaki nyuzi 2 au 3 juu ya umande wa wakati huo. Umande ukipanda, maji yanapashwa. Mtu akifungua dirisha, swichi kwenye fremu inafunga vali. Na kwenye bomba lenye baridi kuliko yote huwekwa kihisi cha maji ambacho kikilowa kinazima kila kitu. Hicho ni mlinzi wa mwisho. Mfumo unaomtegemea yeye kila usiku umeshashindwa.

Mabomba yanayopeleka maji ndiyo husahauliwa. Maji huingia darini yakiwa na baridi kuliko uso wa dari, kwa hiyo uso unaweza kuwa mkavu kabisa huku bomba lililofichwa nyuma ya jipsamu linatiririka. Lazima livikwe sponji isiyopitisha mvuke, na kila kiungo kizibwe. Mvuke hauhitaji mlango, tundu la msumari linautosha.

Tena kuna jambo la kuvu. Wengi wanadhani bila tone hakuna madhara. Kuvu haisubiri tone. Unyevu ukikaa kwenye uso wa kitu kwa asilimia 80 au zaidi kwa siku nyingi mfululizo, kuvu huweza kuota, mradi ipate chakula, na karatasi ya jipsamu, mbao na vumbi ni chakula. Kwa njia yetu ya mkato, asilimia 80 maana yake uso uko nyuzi 4 tu juu ya umande. Kwa hiyo ile nafasi ya nyuzi 2 inazuia kudondoka, lakini kwa dari la jipsamu inayopozwa kila usiku ningetaka nafasi kubwa zaidi, au niwe na mchana mrefu wa kulikausha. Paneli za alumini zinazofutika ni salama zaidi. Na kabati lisiegemezwe kwenye ukuta unaopozwa. Nyuma yake hewa haitembei, na hapo ndipo harufu ya nguo zilizovunda huanzia.

Sasa tuje kwenye umeme kukatika, jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juujuu. Umeme ukikatika saa saba usiku, pampu inasimama na mashine ya kukausha inasimama, lakini dari bado ni la baridi. Kama mabomba yamezikwa kwenye zege, zege hilo litabaki na baridi kwa saa kadhaa. Watu chini wanahisi hewa nzito, wanafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya, wanafungua madirisha. Hewa yenye umande wa 25 inaingia na kukutana na dari la nyuzi 19. Mvua inanyesha ndani. Na kila kilo ya mvuke inayogeuka maji inaliachia dari joto la karibu kilojuli 2,400, kwa hiyo baridi mliyoinunua kwa umeme inaliwa na mvuke wa nje. Paneli nyepesi zinapata joto upesi na hatari inapita mapema, zege halisamehi. Kwa mahali ambapo umeme haueleweki, ningezuia kabisa mabomba ndani ya zege kwenye chumba cha kulala.

Waliojaribu kwenye unyevu

Usidhani basi kwamba haiwezekani. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, uliofunguliwa 2006, uko kwenye hewa yenye mvuke kama ya kwetu au zaidi, na sakafu zake zimelazwa mabomba ya maji ya baridi. Sakafu inabeba joto la jua linalopita kwenye vioo, na hewa iliyokaushwa inaingizwa chini, pale watu walipo. Hyderabad, India, kampuni ya Infosys ilijenga ofisi mwaka 2011 ikaigawa nusu kwa nusu: upande mmoja kiyoyozi cha hewa cha kisasa, upande wa pili upoozaji wa mnururisho wenye hewa safi iliyokaushwa pembeni. Kwa miaka miwili ya kulinganisha, upande wa mnururisho ulitumia umeme pungufu kwa karibu theluthi moja. Faida yenyewe ndo hiyo, na ni kubwa.

La Singapore ndilo linalonivutia zaidi. Watafiti walijenga banda la wazi lenye paneli zenye baridi chini ya kiwango cha umande, jambo ambalo kwa somo letu la leo ni kosa la wazi. Walichofanya ni kuzifunika paneli kwa utando mwembamba wa plastiki unaopitisha mnururisho wa joto, na nafasi kati ya utando na paneli ikajazwa hewa kavu. Joto la mwili linapita kwenye utando kwenda kwenye paneli. Mvuke hauwezi kupita. Upande wa nje wa utando unabaki na uvuguvugu, kwa hiyo haulowi. Watu zaidi ya 50 walipitishwa humo, na wengi walisema wanajisikia sawa au baridi kidogo ilhali hewa ilikuwa karibu nyuzi 30. Yaani unakaa nje, kwenye upepo, bila kukausha dumu na nusu kila usiku. Utando ukitoboka habari imekwisha, na sijui mtoto gani wa kitanda cha juu angeuacha usitobolewe, lakini wazo lenyewe linatatua ule ugomvi wa nyumba ya upepo na nyumba ya kuziba.

Ila kumbukeni, uwanja wa ndege una mafundi usiku na mchana, na ofisi ya Hyderabad watu hawalali humo. Chumba cha kulala hakina fundi. Kina mtu anayesikia joto saa nane usiku na kunyoosha mkono kwenye dirisha akiwa nusu usingizi.

Kwa hiyo ningeulizwa na mtu anayejenga hosteli Dar au Mombasa, ningemwambia hela ya kwanza aiweke juu ya dari: azuie joto la bati lisishuke, aweke kivuli upande wa magharibi, kisha feni nzuri. Dari la maji lije baadaye, na lisije bila mashine ya kukausha hewa. Akiniuliza anayejenga Dodoma, jibu langu lingekuwa tofauti. Mchana wa kiangazi wa nyuzi 28 kwa unyevu wa asilimia 40, hesabu kamili inatoa umande wa nyuzi 13. Dari la nyuzi 20 lingekaa kavu huku madirisha yako wazi. Wenzetu wa Dodoma, nyie ndio mngetakiwa kuwa wa kwanza kusumbua wahandisi wenu.

Kabla hamjamsumbua mtu, pimeni vyumba vyenu. Vifaa ni kopo la bati linalong'aa (la maziwa ya unga, limesuguliwa), kipimajoto cha maabara, maji ya kawaida, vipande vya barafu na kijiko. Jaza maji nusu kopo, ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga polepole, na usilipumulie kopo. Angalia nje ya bati. Mara tu linapopoteza mng'ao kwa ukungu mwembamba, soma nyuzi za maji. Toa barafu, acha maji yapate joto, soma tena ukungu unapotoweka. Wastani wa namba hizo mbili ni kiwango cha umande cha chumba chako, na wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kukipata bila umeme. Pima saa nne usiku kabla ya kulala, kisha funga madirisha kwa usiku huo mmoja. Pima tena saa kumi na moja alfajiri kabla ya mtu yeyote kufungua mlango, uone wewe na wenzako mmepandisha nyuzi ngapi kwa kupumua tu.